Kuifufua Baiskeli ya Zamani

Watu wengi wakisikia kwamba baiskeli ya zamani imefufuliwa, hudhani kwamba imepakwa rangi mpya. Sivyo. Rangi ni nguo tu, na mgonjwa havishwi nguo mpya kabla hajapimwa. Baiskeli inayong'aa kwa nje, lakini gololi zake zimekauka na vyuma vyake vina nyufa, ni ya hatari kuliko ile iliyojaa kutu. Maana ile yenye kutu hakuna atakayethubutu kuipanda. Katika makala haya nataka kuwaeleza wanafunzi wenzangu, pamoja na ninyi wazee wetu mliotutangulia katika shule hii, namna ya kuifufua baiskeli ya zamani nyumbani, kwa vyombo vichache, hata iweze kufanya kazi tena. Nitakayoyaeleza nimeyafanya kwa mikono yangu wakati wa likizo.

Baiskeli yenyewe ni Raleigh nyeusi, yenye magurudumu ya inchi 28 na breki za fito za chuma. Marehemu babu yangu aliinunua katika mji wa Mbale mwaka 1958 kwa fedha za kahawa, maana kwetu ni kwenye miteremko ya Mlima Elgon, na huko kahawa ndiyo benki ya mkulima. Babu alikuwa katekista. Kwa baiskeli hiyo alizunguka vigango vyake, na siku nyingine aliitumia kuteremsha magunia ya kahawa. Alipofariki iliegemezwa ukutani katika ghala, ikakaa humo miaka 11. Kisha akapita mnunuzi wa vyuma chakavu, na baba yangu mdogo akaona ni afadhali iuzwe. Bibi akakataa. Wakati huo huo mdogo wangu alikuwa ameanza masomo ya sekondari, naye huenda shule kwa miguu, kilomita 6 kwenda na kilomita 6 kurudi. Basi baba mdogo akakata shauri: likizo ikiisha na baiskeli ikawa salama, itakuwa ya mwanafunzi, isipokuwa salama, itakwenda mizanini. Baiskeli kama hiyo haizidi sana kilo 20, na chuma chakavu hununuliwa kwa kilo. Kwa hiyo ingelipwa sawasawa na mzigo wa majembe yaliyovunjika.

Kabla ya kushika spana, yafaa tujiulize kwa nini baiskeli yenye umri wa miaka 60 na zaidi yaweza kufufuliwa, hali redio ya mwaka juzi ikiharibika hutupwa. Sababu ya kwanza ni umbo lake. Mwaka 1885 Mwingereza John Kemp Starley, wa mji wa Coventry, alitengeneza baiskeli yenye magurudumu mawili yanayokaribia kulingana, na mnyororo unaozungusha gurudumu la nyuma. Mwaka 1888 John Boyd Dunlop, aliyekuwa daktari wa mifugo katika mji wa Belfast, akatengeneza tairi lenye upepo ndani. Tangu hapo umbo halikubadilika sana, na anayeifahamu baiskeli moja anazifahamu nyingi.

Sababu ya pili ni kwamba iliundwa ili ifunguliwe. Mabomba ya fremu yameingizwa katika viungio vya chuma na kulehemiwa kwa shaba ya manjano. Lakini vitu vingine vyote vimefungwa kwa nati, bolti na pini. Hakuna kilichogundishwa, wala hakuna kilichofichwa.

Sababu ya tatu ni vipuri. Kiwanda cha Raleigh katika mji wa Nottingham kiliacha kuunda baiskeli mwaka 2002. Lakini baiskeli za namna ile ile zaendelea kuundwa katika Bara Hindi; kiwanda cha Hero, katika mji wa Ludhiana, kilianza kazi hiyo mwaka 1956. Ndiyo maana katika masoko yetu mpaka leo twapata tairi, gololi, pini na raba za breki. Nasi twazijua nguvu za baiskeli hizo: ndizo zilizoanza kubeba abiria mpakani Busia katika miaka ya 1960 na 1970, na jina la bodaboda likatokea huko kabla halijachukuliwa na pikipiki.

Haya basi, tuingie kazini. Karakana yangu ilikuwa kibaraza cha nyuma, penye kivuli na sakafu iliyofagiliwa, ili gololi ikianguka ionekane. Vyombo vilikuwa hivi: spana za namba mbalimbali, bisibisi, koleo, nyundo, tupa, brashi ya waya, kipande cha bomba la chuma, makopo matupu kumi, mafuta ya taa, mafuta ya injini, na kopo la grisi. Jiliwa sikuwa nayo; kazi mbili zilizotaka jiliwa nilizipeleka kwa fundi sokoni.

Jambo la kwanza ni kutazama. Usifungue kitu siku ya kwanza. Piga picha kwa simu, au kama huna simu, chora katika daftari jinsi kila fito ya breki inavyopita, na upande upi wa kila pini umeelekea juu. Halafu ipime fremu, maana fremu ikiwa imepinda kazi nyingine zote ni bure. Kipimo chake ni uzi tu. Funga uzi katika pembe ya nyuma ya fremu inaposhika ekseli upande wa kulia, uvute mbele kuzunguka bomba la kichwa, yaani bomba lile fupi linaloshika usukani, urudishe nyuma mpaka pembe ya upande wa kushoto, ukaze. Sasa pima toka uzi mpaka bomba la kiti, kulia na kushoto. Vipimo vikilingana, fremu imenyooka. Kwa baiskeli ya babu tofauti ilikuwa milimita 1 tu, nami nikafurahi.

Jambo la pili ni kufungua. Chuma kilichokaa miaka mingi bila kuguswa hakifunguki kwa nguvu, bali kwa subira. Nilichanganya mafuta ya taa na mafuta kidogo ya injini, nikayadondosha kwenye kila nati asubuhi na jioni kwa muda wa siku nne. Anayeruka hatua hiyo huvunja bolti, na bolti iliyovunjikia ndani ya tundu lake ni kazi ya siku nzima.

Hapa pana mambo matatu ambayo kila anayefungua baiskeli ya Kiingereza sharti ayajue. Kwanza, pedali ya kushoto ina hesi ya kinyume. Hufunguliwa kwa kuzungusha kama mshale wa saa unavyokwenda. Kadhalika kikombe cha gololi cha upande wa kulia, pale chini inapopita ekseli ya pedali, nacho hufunguliwa kwa kuzungusha kama saa. Asiyejua hayo ataendelea kukaza huku akidhani anafungua.

Pili, mikono ya pedali imeshikwa na pini zenye umbo la kabari, ambazo mafundi huziita kotapini. Kuzitoa kunataka akili. Legeza nati yake mpaka iwe sawa na ncha ya pini, wala usiiondoe, ili hesi isiharibike. Simamisha kipande cha bomba chini ya mkono wa pedali, kigote sakafuni, na tundu lake liwe chini ya kichwa cha pini. Kisha piga nyundo pigo moja zito. Mapigo madogo madogo ishirini huipanua ncha ya pini tu, na baadaye haitoki kabisa.

Tatu, hesabu gololi. Tandika kitambaa cheupe chini kabla ya kufungua kikombe chochote. Katika ekseli ya pedali nilikuta gololi 11 za robo inchi kila upande. Katika gurudumu la nyuma 9 za robo inchi kila upande. Katika gurudumu la mbele 10 kila upande, nazo ni ndogo zaidi. Kila kundi liingie katika kopo lake, na kopo liandikwe jina. Usichanganye gololi za zamani na mpya katika kikombe kimoja, kwa sababu mpya ni kubwa kidogo kuliko zilizolika, na mzigo wote utazielemea hizo peke yake. Mimi nilinunua mpya zote, si ghali.

Jambo la tatu ni kusafisha. Vikombe, koni na mnyororo huoshwa kwa mafuta ya taa, nje, mbali na jiko la mkaa. Vitu vilivyopakwa nikeli au kromu, kama usukani na rimu, husuguliwa kwa kipande cha karatasi ya alumini kilicholowekwa maji. Alumini ni laini kuliko kromu, kwa hiyo huondoa kutu bila kuikwaruza. Vyuma vidogo visivyo na rangi nilivilaza usiku mmoja katika maji ya ndimu, nikavisuuza sana, nikavikausha juani, nikavipaka mafuta papo hapo. Maana chuma kilichotoka katika asidi hushika kutu upya kabla ya jua kuchwa. Gololi na vikombe vyake visitiwe katika ndimu kabisa, kwa sababu asidi huila ile nyuso laini ambayo gololi hutembea juu yake.

Tena angalieni: rangi za zamani mara nyingi zilitiwa madini ya risasi, nayo ni sumu, hasa kwa watoto. Usisugue rangi hiyo kwa msasa mkavu ukaipeperusha vumbi. Lowesha maji, funika pua na mdomo, wafukuze watoto, na takataka zake zifukiwe mbali na kisima.

Baada ya kusafisha ndipo mtu hujua hali ya chuma. Nilipoutoa uma wa mbele, ambao mafundi huuita foki, na kufuta grisi nyeusi iliyoganda, niliona mstari mwembamba kama unywele mahali pale bomba la uma linapoingia katika mabega yake. Kucha ikipita juu yake ilinasa. Nikapaka mafuta ya taa, nikafuta, nikapaka vumbi la chaki. Baada ya dakika chache mafuta yakatoka ndani ya mstari yakaichora chaki. Hiyo ni alama ya ufa.

Mahali hapo ndipo pabaya kuliko pote katika baiskeli. Kila shimo la barabara, na kila mara breki ya mbele inaposhikwa, uma hupindwa kidogo, na nguvu yote hukusanyika kwenye bega hilo. Chuma hakisahau. Kikipindwa mara elfu nyingi hupata ufa mdogo, na ufa huo huongezeka kidogo kidogo bila kelele, mpaka siku moja chuma hukatika ghafla. Uma ukikatika kwenye mteremko, mpandaji huanguka kwa uso, wala hana nafasi ya kujiokoa. Fikirini basi mteremko wa Elgon, na mtoto wa miaka 15 mwenye vitabu mgongoni.

Fundi mmoja aliniambia ataulehemu kwa umeme kwa dakika kumi. Nikakataa. Bomba lile ni jembamba, na moto mkali wa umeme hukifanya chuma kilicho kando ya mahali palipolehemiwa kuwa rahisi kuvunjika. Ufa ungezaliwa tena pembeni, umefunikwa na rangi. Katika baiskeli vitu vingi vyaweza kutengenezwa: keria, stendi, madigadi. Uma wenye ufa hautengenezwi; hubadilishwa.

Lakini hapo palizuka shauri. Bibi hakutaka kitu chochote cha babu kiondolewe. Alisema, "Mjukuu wangu, chuma hicho kilimbeba babu yako miaka arobaini hakikumwangusha."

Nikamjibu, "Ndiyo, Bibi. Na kwa sababu kilimbeba miaka arobaini, kimechoka."

Alinyamaza kitambo, akaushika uma, akapitisha ukucha wake palepale nilipopitisha wangu. Kisha akasema, "Basi mzee aliyechoka hatupwi. Mwekeni ndani, kijana afanye kazi."

Hivyo ndivyo lilivyokatwa neno ambalo, kwa maoni yangu, ndilo kubwa katika kazi hii yote. Wako watu, hasa wakusanyaji wa baiskeli za kale, wanaotaka kila kipande kiwe kile kile kilichotoka kiwandani. Wako wengine wanaobadilisha kila kitu mpaka baiskeli inabaki jina tu. Mimi naona kanuni ni hii: kinachobeba uhai wa mtu kipimwe kwa usalama, na kikishindwa kiondolewe bila huruma, kisichobeba uhai kipimwe kwa heshima, na kama chaweza kukaa, kikae. Uma, breki, mnyororo, tairi na pini ni vya kundi la kwanza. Rangi, kengele, nembo na alama za mikono ya mwenyewe ni vya kundi la pili.

Uma mwingine niliupata kwa mnunuzi yule yule wa vyuma chakavu, katika fremu ya Raleigh iliyopondwa na gari. Wa kwake nilioutaka mimi ulikuwa umenyooka, nao niliupima kwa chaki kama ule wa kwanza. Tahadhari moja: hesi ya Raleigh ya miaka ile ina mizunguko 26 katika inchi moja, hali baiskeli nyingine nyingi za Kiingereza zina 24. Ukilazimisha nati ya 24 juu ya uma wa 26, utaziharibu zote mbili. Kwa hiyo uma na nati zake viende pamoja. Pima pia urefu wa bomba lake, lisizidi wala kupungua lile la zamani.

Jambo la nne ni kurudisha. Paka grisi ya kutosha ndani ya kikombe, panga gololi juu yake mpaka zijae, kisha ondoa moja ili zipate nafasi ya kuzunguka. Kaza koni taratibu. Kipimo ni hiki: shika gurudumu ulitikise kulia na kushoto, likicheza, kaza kidogo. Lizungushe polepole, likikwaruza, legeza kidogo. Linapozunguka lenyewe, na kusimama huku sehemu ya mdomo wa upepo imeelekea chini kwa sababu ya uzito wake, ujue umefika.

Magurudumu hunyoshwa kwa spoki. Baiskeli za Kiingereza za wakati ule aghalabu zina spoki 32 mbele na 40 nyuma, kwa kuwa mzigo uko nyuma. Pindua baiskeli, ushike kipande cha chaki karibu na rimu, uzungushe. Chaki itagusa pale palipopinda. Kama imegusa upande wa kulia, kaza spoki zinazotoka upande wa kushoto mahali hapo, na kulegeza za kulia, robo mzunguko tu kwa mara moja. Kisha zipige spoki kwa kidole kama nyuzi za zeze: zile za upande mmoja zikilia sauti zinazokaribiana, gurudumu limekazwa sawasawa, inayolia butu imelegea.

Mnyororo upimwe kwa rula. Kutoka pini hadi pini ni nusu inchi; kwa hiyo nafasi 24 ni inchi 12 kamili. Ukizidi kwa moja ya nane ya inchi, umelika. Wa babu ulizidi robo, basi nikanunua mwingine. Na kwa kuwa mnyororo uliolika hula na meno, nilibadili na friwili, yaani gia ya nyuma, nikaona nafasi ya kutumia hesabu tulizofundishwa darasani. Sahani ya mbele ina meno 48, na friwili ya zamani ilikuwa na 18. Ukikanyaga mzunguko mmoja, gurudumu huzunguka mara 48 kugawanywa kwa 18, yaani mara 2.67. Gurudumu la inchi 28 lina mzingo wa karibu mita 2.23, basi kila mzunguko wa pedali hukupeleka karibu mita 5.96. Ni mwendo mzuri katika tambarare, lakini kwa mtoto anayepanda mlima ni mzito. Niliweka friwili ya meno 22, na sasa kila mzunguko ni karibu mita 4.87. Anakanyaga mara nyingi zaidi, lakini kila mara kwa nguvu ndogo zaidi. Mlima haupunguzwi, hugawanywa vipande.

Breki za fito hufanya kazi kwa namna ya pekee. Hazibani rimu kutoka pembeni kama breki za waya, bali huvuta raba kwenda juu zikaishika rimu kwa upande wake wa ndani, huku na huku ya spoki. Kwa hiyo rimu isiyo duara sawasawa itashikwa mahali pamoja na kuachwa mahali pengine. Nyosha gurudumu kwanza, ndipo urekebishe breki. Raba zikae karibu na rimu bila kugusa. Wakati wa mvua breki hizo hushika vibaya, nami nimemwonya mdogo wangu ashuke na kukokota katika mteremko mkali kukiwa na maji.

Tairi nazo zina mtego. Tairi la baiskeli hizi limeandikwa 28 x 1½, na pembeni pengine 635, ambacho ni kipimo cha milimita cha mahali linapokaa kwenye rimu. Ziko tairi nyingine nyingi ziitwazo 28 ambazo zimeandikwa 622. Hizo haziingii, hata muuzaji akiapa. Soma mwenyewe.

Kiti cha ngozi kilikuwa kimekauka lakini hakikupasuka. Nilikifuta kwa kitambaa chenye unyevu, nikakipaka mafuta ya mnyama kidogo sana kwa juu, nikakiacha kivulini siku mbili. Ngozi ikiloweshwa mafuta hulegea na kubonyea kama machela. Ikilegea kidogo, iko bolti ya mbele chini ya kiti inayoikaza, nusu mzunguko kwa mara moja.

Sasa mtaniuliza, na rangi je? Sikuipaka. Nyeusi ya zamani ilikuwa imebaki sehemu nyingi, pamoja na nembo yenye kichwa cha korongo mbele, na mistari ya dhahabu iliyofifia. Juu ya bomba la kati, rangi imelika mahali pamoja, urefu wa shubiri moja, pale babu alipokuwa akiegemeza mkono wake alipokokota mzigo wa kahawa mlimani. Hakuna duka linalouza alama hiyo. Niliisafisha fremu kwa maji na sabuni, palipokuwa na kutu nikapasugua na kupapaka rangi ya kuzuia kutu, kisha nikapaka nta juu ya yote. Uma uliotoka kwenye fremu nyingine unaonekana tofauti kidogo, nami sikuuficha. Ni kweli kwamba ulibadilishwa, basi uonekane.

Jambo la tano na la mwisho ni kujaribu. Sikumkabidhi mtu siku ile ile. Kwanza niliikokota kilomita 1 na gunia la kilo 20 nyuma, nikisikiliza. Kisha niliipanda mwenyewe kwenye uwanja wa mpira, nikijaribu breki moja moja. Kisha barabarani. Kila jioni nilikaza upya kotapini, kwa sababu pini mpya hujikalia katika nafasi yake na kulegea kidogo katika siku za kwanza. Anayepuuza jambo hilo huharibu mkono wa pedali. Siku ya tano hakuna kilicholegea tena. Baba mdogo alikuja akaishika breki ya mbele, akaisukuma baiskeli kwa nguvu zote, haikwenda. Akasema, "Haya, mpe."

Kazi yote ilichukua wiki tatu. Mdogo wangu sasa hufika shule akiwa na nguvu za kusoma, na wakati wa kwenda umepungua zaidi ya nusu. Kila Jumamosi ni wajibu wake kufuta mnyororo, kutia matone ya mafuta, na kupima upepo. Nami nimemwandikia orodha hiyo katika ukurasa wa mwisho wa daftari.

Kwa ninyi wazee wetu, najua kwamba wengi mliwahi kufika shule hii juu ya baiskeli za namna hiyo, na pengine mpaka leo iko moja nyuma ya ghala imefunikwa na magunia. Kabla hamjaiuza kwa kilo, mwiteni kijana mmoja wa nyumbani, mpeni uzi, chaki na chupa ya mafuta ya taa. Aipime fremu kwa uzi, autoe uma na kuutazama kwa chaki, na aupime mnyororo kwa rula. Akimaliza vipimo hivyo vitatu atakuwa amekwisha kujua kama baiskeli itapanda tena au la; na hata ikiwa haitapanda, uma wake ukiwa mzima, huenda uko unatafutwa na mtu mwingine.